Sahani ya kioo cha dirisha: kuunganisha, kulaza na kusoma nyufa

Vipande wanavyotupa mafundi wa madirisha vinatosha kabisa kumfundisha mtu kazi ya kioo cha tanuri. Vinapatikana kila mji, bei yake ni ndogo, na sahani iliyopoozwa vizuri hudumu miaka. Maelezo haya ni ya sahani ya kipenyo cha sentimita 20, yenye tabaka mbili za kioo cheupe cha milimita 4. Huunganishwa kwanza ikiwa bapa, kisha hulazwa ndani ya kalibu kwa mchomo wa pili. Joto lote ni kwa nyuzi za Selsiasi. Kazi hii ni tofauti na ya mafundi wa Kitengela, karibu na Nairobi, au wa karakana ya Shanga kule Arusha, ambao hupuliza kioo kilichokwisha kuwa uji. Hapa kioo hakimiminiki. Kinalegea tu, na hakitolewi tanurini kikiwa cha moto.

Chagua kioo kabla ya kuwaza umbo

Kioo hutanuka kikipata moto na husinyaa kikipoa. Vioo viwili visivyosinyaa sawasawa vitashikana vizuri kwenye moto, kisha vitavutana vikipoa. Vinaweza kupasuka siku hiyo hiyo, au wiki mbili baadaye vikiwa mezani bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana vioo vya sanaa huuzwa kwa namba ya kutanuka: cha kampuni ya Bullseye ni 90, cha kampuni ya Oceanside ni 96. Cha dirisha hucheza kwenye 83 hadi 87, na borosilikati ya vyombo vya maabara ni 33. Unga wa rangi wa 90 au 96 basi haufai juu ya kioo cha dirisha, hata ukikaa vizuri kwa kuutazama. Hata madirisha mawili ya viwanda tofauti yanaweza kukataana. Shika kanuni moja: sahani moja, bamba moja la kioo. Vipande vya kila bamba viwe na boksi lake.

Kioo cha pembeni cha gari na cha mlango wa bafu kiache. Kimekazwa kwa moto kiwandani, na kikiguswa na kikata husambaratika chote kuwa chembe. Mara nyingi utaona mhuri mdogo kwenye kona. Kioo cha mbele cha gari kina plastiki katikati. Luva nyeupe laini zinafaa sana, ila luva zenye maua zimetengenezwa kwa kupitishwa kwenye rola, usizichanganye na zile laini. Chupa nazo hutofautiana kiwanda kwa kiwanda: chupa moja unaweza kuilaza bapa peke yake, karibu na nyuzi 790, lakini usiitie kwenye sahani ya dirisha.

Kioo laini cha dirisha kina jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Humiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959, na upande uliogusa bati hubaki na chembe zake. Upande huo ukibanwa wakati kioo kinajikunja ndani ya kalibu, hutoa ukungu wa rangi rangi kama mafuta juu ya maji, na haufutiki. Upande wa bati basi uwe chini, kwa tabaka zote mbili. Kuutambua, tumia taa ya urujuanimno ya nanomita 254 kwenye chumba cha giza: upande wa bati hung'aa kwa weupe wa maziwa. Vaa miwani na usiielekeze taa hiyo kwenye macho wala ngozi. Huna taa? Laza vipande viwili vidogo, kimoja kimegeuzwa, ndani ya kalibu moja. Kitakachotoka na ukungu ndicho kilichokuwa na bati juu. Kabla ya kuvichoma viwekee alama kwa mkwaruzo mdogo pembeni, kwa sababu wino wa kalamu utaungua.

Tanuri na bamba lake

Tanuri la umeme lenye koili juu hupasha kioo sawasawa kuliko lenye koili pembeni tu. Kidhibiti kinachoshika hatua kadhaa za joto ni lazima. Kupandisha moto kwa kukisia hakufai kwa kioo. Tanuri la kilowati 3 kwenye volti 240 hula ampea 12.5 kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo lipewe waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme. Waya wa kurefusha utapata moto na kuyeyuka.

Bamba la kuwekea kioo liinuliwe sentimita 2 hadi 3 kutoka sakafu ya tanuri, hewa ipite chini. Lipake unga wa alumina na kaolini lisije likagandana na kioo: kipimo kimoja cha unga kwa vitano vya maji. Tumia brashi laini pana, mipako minne au mitano myembamba, kila mmoja ukikatisha mwelekeo wa uliotangulia. Likauke kabisa, kisha lipashe hadi nyuzi 260 kwa dakika 20. Unyevu uliobaki kwenye bamba hutoka na kuinua kioo kwa mapovu. Kioo cha dirisha huhitaji moto mkali kuliko cha sanaa, na unga huo huchoka kwa mchomo mmoja. Kila baada ya kuunganisha, kwangua wote na upake upya, huku umelilowesha bamba na umevaa barakoa ya vumbi ya N95 au FFP2. Hapo ndipo wengi hufanya uvivu, na uvivu huo hutoka kama magaga meupe chini ya sahani.

Kukata na kusafisha

Chovya gurudumu la kikata kwenye mafuta ya taa. Vuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo kwa mkono usiobadilika. Mlio uwe wa msasa laini usiokatika. Ukiona unga mweupe umeruka kando ya mstari, umekandamiza kupita kiasi. Usirudie mstari: kurudia hakuongezi kina, kunaharibu gurudumu na kufanya kioo kivunjike ovyo. Kwa duara, chora duara kwa kikata chenye mkono wa kuzunguka, kisha toa mistari minne hadi sita kutoka kwenye duara hadi ukingoni. Gonga polepole kwa chini mpaka ufa uenee chini ya mstari, ndipo uzivunje pembe moja moja kwa koleo. Kingo zisuguliwe kwa jiwe lenye maji.

Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza maji mengi, kausha kwa kitambaa kisicho na nyuzi, malizia na spiriti. Tangu hapo shika kwenye kingo tu. Alama ya kidole ikichomwa kwa nyuzi 820 haitoki tena.

Ukitaka urembo wa katikati, utepe mwembamba wa shaba huvumilia vizuri; hutoka mwekundu uliokolea au wa samawati, kutegemea hewa iliyobaki pale. Magadi soda yakinyunyizwa kidogo sana kupitia kichungi cha chai huzaa vipovu vidogo. Weka chochote cha katikati mbali na ukingo kwa sentimita 1.5, tabaka zipate kufungana.

Mchomo wa kwanza

Panda kwa nyuzi 150 kwa saa hadi 660, ukae dakika 45. Hapa tabaka la juu hulegea taratibu na kuisukuma hewa nje, na ukikiacha kituo hiki sahani itajaa mapovu. Kisha panda nyuzi 300 kwa saa hadi 825, dakika 15. Shuka haraka kadiri tanuri linavyoweza, mlango umefungwa, hadi 550. Kaa saa moja na nusu. Shuka nyuzi 50 kwa saa hadi 470, halafu 100 kwa saa hadi 370, kisha zima na usifungue mpaka kidhibiti kionyeshe chini ya 50.

Haraka ile kati ya 660 na 825, kupanda na kushuka, ina sababu yake. Kioo kikikaa muda mrefu kwenye eneo hilo, uso wake huanza kugeuka fuwele na kupata ukungu mkavu usiong'aa, na kioo cha dirisha kina tabia hiyo kuliko cha sanaa. Kinga yake ni mpako mwembamba wa boraksi: kijiko kimoja cha chai katika robo lita ya maji ya moto, tone la sabuni, upake juu tu na uache ikauke.

Nyuzi 550 ndipo mkazo wa ndani unapolegea; kukaa hapo kisha kushuka polepole ndiko kutuliza kioo. Tanuri za aina moja hutofautiana kwa nyuzi kumi na zaidi kwa sababu ya pale themokapo, yaani kipima joto cha tanuri, ilipokaa, kwa hiyo mchomo wa kwanza chungulia ukifika 810, umevaa miwani ya kuchomelea yenye kivuli namba 3 na glavu za ngozi. Kingo zikishakuwa mviringo na laini, muda umetosha. Andika joto uliloliona. Hilo ndilo la tanuri lako.

Umeme ukikatika

Usifungue mlango, hata kidogo. Kwa anayechoma mahali ambapo umeme haueleweki, kidhibiti kinachoendelea pale kilipoishia kina thamani kuliko ukubwa wa tanuri. Umeme ukirudi na joto bado liko juu ya 600, endelea na hatua ile. Likiwa kati ya 370 na 550, panda nyuzi 100 kwa saa hadi 550 na uanze kutuliza upya, saa nzima na nusu. Likiwa chini ya 370, acha lipoe lenyewe, kisha kagua.

Kulaza

Kalibu ya kauri iwe na matundu madogo chini, yasizibwe na unga. Anza na kalibu isiyozidi kina cha sentimita 3 au 4. Sahani bapa iwe ndogo kuliko mdomo wa kalibu kwa milimita 5. Ikizidi itakwama ukingoni na kukunjamana. Sasa kioo ni kizito na kinaogopa moto wa ghafla, kwa hiyo panda nyuzi 100 kwa saa hadi 540, kisha 150 kwa saa hadi 690, dakika 15, ukichungulia. Kutuliza ni kama mwanzo.

Makosa, na yanavyosema

Sahani imepasuka? Pitisha kucha kwenye ukingo wa ufa, au kidole chenye glavu kama vipande vimeachana. Ukingo laini na mviringo maana yake kilipasuka kikipanda moto kisha kikaendelea kuyeyuka, basi punguza mwendo wa kupanda. Ukingo mkali maana yake kilipasuka kikishuka. Ufa uliopinda kama herufi S katikati ya sahani huashiria kutulizwa vibaya. Ufa unaofuata mpaka wa vipande viwili ni vioo visivyopatana, na hapo ratiba haina la kusaidia.

Kupatana kunapimika nyumbani. Unganisha chembe ya kioo unachokishuku juu ya kipande cha kioo chako, kitulize, kisha kiweke mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta mpakato. Kitazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi, ukiigeuza mpaka skrini iwe nyeusi. Kioo kilichotulia kitabaki cheusi. Mwanga ukizunguka chembe ile, kuna mkazo.

Pembe zenye miiba midogo na sahani iliyosinyaa: moto ulizidi, au umetumia tabaka moja. Kioo kikiyeyuka kabisa hutafuta unene wa milimita 6 hadi 7, na tabaka moja ya 4 hujivuta ndani kuutafuta. Povu kubwa lililopasuka katikati hutokana na bamba lililobonyea au lenye unyevu. Liwekee rula: ukiona mwanga chini yake, lisugue au ligeuze.

Ukungu wa fuwele ukishatokea, sugua uso kwa msasa wa maji wa namba 220 hadi weupe uwe sawa, osha, paka boraksi na urudie mchomo, lakini 815 kwa dakika 10. Sahani ikiwa imeshalazwa, usiirudishe kwenye joto hilo ndani ya kalibu: italegea na kugandia kwenye kuta zake.