Kung'oa Stadi za Silinda Hedi Zilizokwama Katika Bloku ya Aluminiamu

Stadi ya chuma, yaani ule msumari wa thredi (mikato ya skrubu) unaoshika silinda hedi juu ya injini, ikikaa miaka mingi katika bloku ya aluminiamu, ambayo ndiyo mwili wa injini, haikwami kwa kutu nyekundu peke yake. Unyevu ukiingia, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni aluminiamu. Unga mweupe unaotokana na kuliwa huko huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyopotea, hivyo hujazana katika thredi na kuikaba stadi. Magari yanayoongezwa maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) huathirika zaidi, hasa pale stadi inapopita katika njia ya maji.

Kwa hiyo usianze na nguvu. Kwenye gereji za Grogan jijini Nairobi, kando ya Kirinyaga Road, si ajabu kumwona fundi akichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana kabla hata hajapiga brashi. Kazi ya aina hiyo mara nyingi hukata stadi na kuishia kwa fundi wa lezi, mashine ya kukerezea chuma.

Safisha shina la stadi kwa brashi ya waya, kisha utie mafuta ya kupenyeza kutu. Ukiyakosa, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni kwa vipimo sawa, ukikumbuka kuwa asetoni hushika moto upesi mno. Gonga ncha ya juu ya stadi kwa nyundo ndogo, wima na si kwa ubavu, ili mtikisiko ufungue njia ya mafuta, kisha uache hadi kesho yake.

Siku ya pili, futa mafuta yote, ondoa sehemu za plastiki na mipira iliyo karibu, na usogeze petroli mbali. Sasa ipashe moto bloku kuzunguka shina la stadi, si stadi yenyewe. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea. Tembeza moto bila kuusimamisha mahali pamoja, na ukome pale tone la maji linaporuka na kukauka mara moja. Usingoje rangi nyekundu, kwa maana aluminiamu haitoi onyo hilo: bloku inaweza kuanza kuyeyuka chini ya nyuzi 600 za Selsiasi ikiwa na rangi yake ile ile, na hata kabla ya hapo huwa imekwisha kupoteza ugumu wake. Bloku ingali moto, gusisha mshumaa kwenye shina la stadi, nta iyeyuke na kunyonywa ndani ya thredi.

Funga nati mbili juu ya stadi, uzikaze moja dhidi ya nyingine, halafu uzungushe ile ya chini kwa spana. Kwanza kaza kidogo sana, ndipo ulegeze. Ikisogea hata upana wa ukucha, irudishe, uongeze mafuta, uirudie tena. Mlio mkavu wa kukwaruza, na unga mweupe unaopanda pamoja na mafuta, ni dalili njema. Dalili mbaya ni stadi inayozunguka kisha kujirudisha yenyewe ukiachia spana: hapo inajinyonga, haitoki, nawe huna budi kurudi kwenye moto na mafuta.

Ikikatika na kubakiza kipande juu, chomelea nati juu ya kipande hicho, usubiri joto lipungue kiasi, ndipo uizungushe. Joto la kuchomelea husaidia kuvunja ule mshiko. Ikikatikia ndani, tia alama katikati kabisa kwa panchi na utoboe taratibu. Kile chombo cha kung'olea kinachosokomezwa kwenye tundu mimi sikipendi: ni kigumu kiasi kwamba keekee ya kawaida haikitoboi kwa urahisi, na kikivunjikia ndani, wa kukutoa humo mara nyingi ni karakana yenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme. Ni afadhali kupeleka bloku kwa fundi wa lezi, Industrial Area au Kariobangi Light Industries, tundu likiwa bado zima, atoboe kwa unyoofu na kuweka thredi mpya ya waya, yaani koili ya waya inayokaa ndani ya tundu badala ya thredi iliyoharibika.

Kabla ya kurudisha stadi, pitisha tepu (kifaa cha kukatia thredi) yenye thredi ile ile, kisha upulize tundu kwa upepo wa kompresa ukiwa umevaa miwani. Mafuta au maji yakibaki chini ya tundu lisilopenya hadi upande wa pili, stadi itakayokazwa juu yake inaweza kupasua bloku.