Somo: Kumchunguza nyigu wa mkuyu, hatua kwa hatua

Walimu wa biolojia na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wananiuliza swali lile lile kila muhula: utaonyeshaje kwa macho mageuko ya pamoja, yaani kwamba mmea na mdudu wamegeuzana maumbile, kila mmoja akimbadilisha mwenzake kizazi baada ya kizazi? Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Natumia mkuyu, Ficus sycomorus, kwa sababu uko kando ya mito mingi ya Tanzania na Kenya, na kazi yake haihitaji maabara.

Kwanza mjue kinachotendeka. Kuyu si tunda kama embe. Ni kama kikapu kilichofungwa, chenye maua mengi madogo yaliyogeukia ndani, na mlango mmoja tu uliobanwa na magamba. Nyigu jike, Ceratosolen arabicus, mwenye urefu wa milimita 2 hivi, hujisukuma kupita hapo hadi mabawa yananyofoka. Ndani hutoa chavua aliyoibeba katika vifuko vya kifuani, hutaga mayai katika baadhi ya maua, kisha hufia humo humo. Ua lililotagiwa huvimba na kulea buu. Lililochavushwa tu hutoa mbegu. Wiki kadhaa baadaye madume, ambao hawana mabawa kabisa, hutangulia kutoka, huwapanda majike wakiwa bado ndani ya vivimbe, halafu hutoboa njia ya kutokea. Majike hujaza chavua vifukoni na kuruka. Wana siku moja au mbili tu za kuishi, na katika muda huo lazima wapate mkuyu mwingine wenye makuyu machanga.

Vifaa: wembe, lensi ya kukuza mara 10, chupa zenye mdomo mpana, spiriti ya asilimia 70, soksi ndefu za kike za nailoni, waya mwembamba, penseli.

Hatua ya 1. Tafuta mikuyu miwili au mitatu. Makuyu ya mti mmoja mara nyingi huwa na umri mmoja.

Hatua ya 2. Chuma kuyu moja la kila ukubwa, upasue katikati kupitia mlangoni. Paka mafuta mikononi kwanza kwa sababu ya utomvu, na usijiguse macho.

Hatua ya 3. Tambua umri wa kuyu kwa ndani, si kwa nje. Maua meupe na mzoga mweusi karibu na mlango: limeingiwa karibuni. Vivimbe vigumu vilivyojaa: mabuu wanakua. Wadudu wa rangi ya kaharabu wasio na mabawa wanaotambaa: madume wametoka, majike wanafuata. Kuyu lenye tundu, laini, lenye wekundu: umechelewa.

Hatua ya 4. Kufunga vishada. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya msimu mzima. Nilitaka kuonyesha kwamba kuyu lisiloingiwa na nyigu huanguka, nikafunga vishada kwa vipande vya chandarua. Vikakomaa, vikawa na mbegu, nami nikasimama mbele ya darasa nikasema huenda mkuyu hauhitaji mdudu. Nilikuwa nimekosea mara mbili. Makuyu yale yalikwisha kuingiwa kabla sijayafunga, na nyigu aliyefia ndani humwoni kwa nje. Halafu matundu ya chandarua ni ya kumzuia mbu. Mdudu mwembamba wa milimita 2 anapita. Nilipogundua, baadhi ya wanafunzi wale walikwisha kumaliza shule, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo: funga makuyu yakiwa madogo kama punje ya choroko. Kabla ya kufunga, kata mawili matatu ya kishada hicho hicho uhakikishe hamna mzoga ndani. Tumia soksi ya nailoni, kaza ncha zote mbili. Tengeneza kitanzi cha waya ndani ya soksi ili kitambaa kisiguse kuyu, kwa sababu wapo nyigu wengine ambao hawaingii mlangoni. Wanataga kutokea nje kwa sindano ndefu inayopenya ganda, na nailoni haiwazuii. Kishada cha jirani kwenye tawi hilo hilo kiache wazi, ukifunge uzi wa rangi. Usipokuwa na kishada cha kulinganisha, huna jaribio.

Hatua ya 5. Kukusanya wanaotoka. Ukipasua kuyu ukakuta madume wanatembea, chuma mengine ya kishada hicho siku hiyo hiyo, yatie chupani pamoja na karatasi kavu, funika kwa soksi. Usifunge kifuniko: unyevu utakuwa matone na nyigu watanasa humo. Usifunike kwa chandarua chenye dawa: watakufa kabla hujawaona. Weka chupa katika sahani ya maji, la sivyo sisimizi watawahi.

Hatua ya 6. Hesabu mbegu na vivimbe katika kila kuyu, uandike kwa penseli.

Hatua ya 7. Weka pande mbili mezani. Wadudu kutegemea mti hakutoshi kuitwa mageuko ya pamoja. Hata kupe anamtegemea ng'ombe. Tafuta kilichobadilika kwa mdudu (kichwa bapa, vifuko vya chavua, dume bila mabawa) na kilichobadilika kwa mti (mlango wa magamba, maua jike kukomaa wiki kadhaa kabla ya maua dume ya kuyu hilo hilo). Kisha uliza: hiki kingekuwa na kazi gani kama yule asingekuwapo?

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Iringa: Mwalimu, chandarua cha kliniki kinafaa?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4 na ya 5.

Dada wa Tanga: Ina maana tukila makuyu tunakula wadudu? Na tini za dukani je?

Jibu: Katika kuyu, ndiyo, madume hufia ndani. Tini nyingi za dukani ni za aina zinazoiva bila kuchavushwa.

Msomaji wa Nyeri: Kwetu mukuyu na mugumo ni miti miwili yenye heshima. Naweza kutumia mugumo?

Jibu: Unaweza, na ningefurahi kuona matokeo yako. Nyigu wake ni wa jenasi nyingine, Elisabethiella, kwa hiyo mtaweza kulinganisha vichwa vya wadudu na milango ya matunda ya miti miwili. Kama mugumo huo unaheshimiwa na wazee, waombe ruhusa kwanza, na okota yaliyoanguka kabla ya kuchuma.

Mdadisi wa Mwanza: Nimehesabu makuyu sita. Manne yana mbegu na vivimbe. Mawili yana vivimbe tu, mbegu hakuna. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, umeona jambo zuri kuliko yote. Yupo jamaa wa karibu wa nyigu wetu, Ceratosolen galili, anayeingia mlangoni vile vile na kutaga bila kuchavusha. Kuna na Sycophaga sycomori, naye huingia bila kuleta faida. Hifadhi ndani ya spiriti waliotoka katika makuyu hayo mawili, peke yao. Swali la kujiuliza ni kwa nini mti unawavumilia. Huko Panama, watafiti waliona baadhi ya miti ya jamii hii ikiangusha matunda yaliyotagiwa bila kuchavushwa, yaani mwizi anapoteza watoto wake. Weka alama kwenye vishada vyako, uhesabu yanayoanguka.

Mkulima wa Kilosa: Mti wangu uko peke yake, hakuna mwingine karibu. Nyigu watatoka wapi?

Jibu: Mbali. Katika jangwa la Namib ilipimwa kwamba nyigu wa mkuyu huu huu walibeba chavua hadi kilomita 160 kwa msaada wa upepo.

Mwanachama mpya: Nitumie PDF ya majibu yote, nina wasilisho kesho.

Jibu: Kuyu halikomai kwa usiku mmoja. Pasua moja leo jioni, uwasilishe ulichokiona.

Mama wa Nanyuki: Huku tuna migunga yenye miiba iliyovimba na sisimizi ndani. Ni jambo hilo hilo?

Jibu: Ni jamaa yake. Mti huwapa sisimizi nyumba na maji matamu, nao huwafukuza wanyama. Laikipia, wanyama wakubwa walipozuiwa kwa uzio takriban miaka 10, mti ulipunguza miiba ya makazi na utamu, sisimizi walinzi wakapungua, spishi nyingine isiyolinda ikatwaa nafasi, na miti ikakua polepole na kufa zaidi. Ukitaka kuanza, hesabu miiba iliyovimba kwenye matawi ya juu na ya chini, mikono mirefu na glavu nene. Wanauma.

Mdadisi wa Mwanza: Nimerudi. Lebo zangu zimefutika ndani ya spiriti.

Jibu: Uliandika kwa kalamu ya wino. Penseli, kwenye karatasi ngumu, na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na wadudu.