Una kampuni ndogo ya teknolojia Marekani? Hivi ndivyo unaomba pesa ya utafiti ya SBIR

Watu wengi wakisikia serikali ya Marekani inazipa kampuni ndogo pesa za utafiti wanafikiri ni mkopo, au wanafikiri lazima uwe na mtu wako Washington. Wala. Mpango unaitwa SBIR (Small Business Innovation Research, yaani utafiti wa ubunifu wa biashara ndogo), upo tangu 1982 Reagan aliposaini sheria yake, na utaratibu wote uko wazi, shida yake ni mitego midogo midogo tu. Shirika lolote la serikali kuu ambalo bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje inapita dola milioni 100 kwa mwaka linalazimika kutenga asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa kampuni ndogo. Mashirika hayo ni 11, na wakubwa wao ni wizara za Ulinzi, Afya (ndio NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, iko humo) na Nishati, halafu NASA na NSF, mfuko wa taifa wa sayansi. Hisa hawachukui, na pesa hurudishi. Qualcomm na iRobot zilipata pesa hizi zikiwa bado changa.

Kwanza jikague. Kampuni iwe ya kutafuta faida, iwe na makao Marekani, wafanyakazi wasizidi 500 ukihesabu na kampuni dada, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe kwa raia au wenye ukaazi wa kudumu. Halafu mtafiti mkuu lazima kazi yake kuu iwe hapo kwenye kampuni, yaani zaidi ya nusu ya muda wake, na hapo ndio maprofesa wengi wanakwama kwa sababu wanataka mguu mmoja chuoni mwingine kwenye kampuni. Kama ni wewe, angalia STTR, ni mdogo wake SBIR, huko unaingia pamoja na chuo au taasisi ya utafiti: kampuni inafanya angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi angalau 30.

Usajili uanze leo, sio wiki ya mwisho. Unaanzia SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaofanya nayo kazi, unapata namba ya UEI ya kuitambulisha kampuni yako (ile ya zamani ya DUNS iliachwa Aprili 2022, ukikuta maelekezo yanaitaja jua ni ya zamani), na inaweza kuchukua wiki kadhaa hasa kama jina la kampuni kwenye karatasi zako halifanani herufi kwa herufi na lile la IRS (mamlaka ya kodi), koma moja tu inakurudisha nyuma. SAM ni bure. Nasema tena bure, maana ukishajisajili utaanza kupata imeili za watu wamejipa majina ya kiserikali wanataka dola mia kadhaa "kukuhuishia" usajili, achana nao. Baada ya hapo jisajili SBIR.gov, kisha tovuti ya maombi ya shirika unalolitaka: NIH ni Grants.gov na eRA Commons, NSF ni Research.gov, Ulinzi wana DSIP yao.

Sasa kuchagua shirika, na hapa ndio pesa inapopatikana au kupotea, maana hao 11 hawafanani kabisa. Ulinzi na NASA wanatoa mikataba, wao wenyewe ndio watakaotumia hicho kitu, kwa hiyo wanaandika mada zao na wewe unajibu walichouliza. Ulinzi wana kipindi kifupi mada inatoka lakini haijafunguliwa, na kipindi hicho unaruhusiwa kuongea moja kwa moja na aliyeiandika. Mpigie! Muulize wamejaribu nini kikashindikana, kwa sababu mlango ukifunguliwa maswali yote yanapitia kwenye mfumo na kila mpinzani wako anasoma majibu. NIH na NSF wanatoa ruzuku, na wao wazo linatoka kwako. NSF wanataka kwanza maelezo mafupi ya mradi, wakikubali ndio wanakualika kuleta andiko zima, kwa hiyo wakikukataa umepoteza siku mbili tu na sio miezi miwili. NIH kwa kawaida wana tarehe tatu, 5 Januari, 5 Aprili na 5 Septemba, na kabla ya kuandika chochote mtumie ofisa wa programu ukurasa mmoja wa malengo yako umuulize kama inamhusu. Watu wanaona haya kufanya hivyo, sijui kwa nini, na ndio kazi yake kukujibu.

Kwenye kuandika kosa kubwa ni kuahidi bidhaa. Awamu ya Kwanza ni ya miezi 6 hadi mwaka mmoja na wanachonunua ni jibu la swali moja: hii kitu inawezekana au haiwezekani? Tuseme unatengeneza betri ya maeneo ya baridi kali. Usiandike "tutatengeneza betri bora", andika hatari iko wapi, mfano elektrolaiti (kimiminika cha ndani ya betri) kuganda, halafu weka namba ambayo mtu yeyote anaweza kusema umefika au hujafika: chaji ibaki asilimia 80 kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri baada ya mizunguko 200. Namba hiyo ndiyo itakayokubeba kuomba Awamu ya Pili, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili na pesa yake ni nyingi mara kadhaa. Na anayesoma andiko lako ana mengine mezani, usimfiche pointi ukurasa wa tisa. Sehemu ya soko usiijaze maneno ya mabilioni, barua moja ya mteja anayesema "ikifanya hivi nitaijaribu" inatosha kuliko grafu tano.

Bajeti: kwenye SBIR angalau theluthi mbili ya kazi ya Awamu ya Kwanza ifanywe na kampuni yenyewe, Awamu ya Pili angalau nusu. Unaruhusiwa kuweka faida kidogo, asilimia 7 ndio watu wengi wanaweka, na kuna hadi dola 6,500 za msaada wa kibiashara Awamu ya Kwanza ukiziomba. Masaa ya kazi yaandikwe kila siku, hata kama kampuni ni wewe na mwenzako tu, na usije ukauza kazi ile ile kwa mashirika mawili, kuna watu wamefungwa kwa hilo. Kuomba sehemu mbili ruksa ila useme, kulipwa mara mbili hapana. Tangu 2022 pia wanachunguza uhusiano wako na nchi kama China na Urusi, kwa hiyo kama una mwekezaji wa huko mtaje mapema.

Jambo lingine, mpango huu unaishi kwa ruhusa ya Bunge. Ruhusa ya 2022 ilifika mwisho 30 Septemba 2025, kwa hiyo kabla hujakesha angalia SBIR.gov kama shirika lako limefungua maombi kweli, na uwe na pesa ya kula hapo katikati, maana hata mambo yakienda vizuri toka kutuma mpaka kulipwa ni miezi.

Ukishapata, uvumbuzi ni wako, serikali inabaki na ruhusa ya kuutumia tu, na data zako zinalindwa miaka 20 tangu siku ya tuzo. Ila ulinzi huo unategemea ugonge maneno rasmi ya haki za data za SBIR kwenye kila ripoti unayotuma, jioni ya kuwahi ripoti ndio watu wanasahau. Halafu weka mkataba wako vizuri, kwa sababu Awamu ya Tatu haina pesa ya SBIR lakini shirika lolote la serikali kuu linaweza kununua kwako moja kwa moja bila kushindanisha tena, na maofisa manunuzi wengine hawaijui sheria hiyo, itabidi uwaonyeshe wewe.