Jinsi ya kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mzunguko wa seria

Ukitaka kuyavunja maji kwa joto peke yake utahitaji zaidi ya nyuzi 2000, na haidrojeni inatoka pamoja na oksijeni, hatari tupu. Ndo maana tunatumia seria, yaani oksaidi ya seriamu: ikipata moto mkali inaachia oksijeni yake, ukiipoza kidogo ukailetea mvuke inachukua oksijeni ya maji na haidrojeni inabaki. Hii ni kazi ya maabara, sio ya nyumbani.

Hatua ya 1: usiweke unga wa seria mtupu, ukifika nyuzi 1500 unagandamana na mvuke haupiti. Changanya na wanga, finyanga vidonge, choma hewani, wanga unaungua na kuacha vitundu.

Hatua ya 2: weka vidonge kwenye bomba la alumina, yaani oksaidi ya alumini (la kioo litalainika) ndani ya tanuru la umeme. Panda taratibu, mi napenda nyuzi 5 kwa dakika au chini ya hapo, alumina haipendi kushtuliwa.

Hatua ya 3: pitisha gesi ya agoni, ambayo haiungani na vitu vingine, paka viungio vyote maji ya sabuni uangalie mapovu. Hapa usiwe na haraka kabisa, maana hewa ikipenya hata kidogo seria itajishibisha nayo na mvuke ukija haina njaa tena.

Hatua ya 4: fika 1500, agoni ikiendelea. Kipimo cha oksijeni kwenye gesi inayotoka kitapanda halafu kishuke, subiri kikaribie kilipoanzia.

Hatua ya 5: shusha mpaka 900 hivi, leta mvuke ukibebwa na agoni, mabomba ya njiani yawe na joto zaidi ya 100 usije ukageuka maji. Gesi inayotoka ipozwe, ikaushwe, ndo iingie kwenye kromatografu, yaani kifaa cha kutenganisha na kupima gesi, nayo itumie agoni kubebea sampuli badala ya hiliamu, kwa sababu hiliamu inapitisha joto karibu sawa na haidrojeni na alama inakuwa hafifu. Mabaki yaende kwenye kifyonza hewa, haidrojeni inashika moto ikiwa kuanzia 4% hadi 75% ya hewa.

Hatua ya 6: piga hesabu. Haidrojeni iwe mara mbili ya oksijeni ya hatua ya 4, ikipungua sana rudi kwenye viungio. Seria ikipoteza atomu 0.03 za oksijeni kwa kila molekuli, gramu 1 inakupa kama mililita 3.9 za haidrojeni, ni kidogo lakini inarudiwa rudiwa. Mizunguko ya mwanzo usiiripoti, vidonge bado vinasinyaa, anza kuhesabu namba zikitulia.