Jinsi ya kupima pampu ya vakyumu ya bei nafuu kabla ya kuikabidhi kazi ya faiba

Kwenye kazi ya faiba tunapaka kitambaa resini, tunakifunika kwa mfuko wa nailoni, na pampu inavuta hewa iliyo ndani ili hewa ya nje ikikandamize mpaka resini igande. Pampu yangu niliinunua Kariakoo, ile ndogo ya mafundi friji. Niliijaribu Dar es Salaam kabla ya kupanda nayo basi, na mshale wa geji ya megapaskali ulishuka hadi -0.098. Nilipoiwasha nyumbani Arusha ukasimama kwenye -0.084 na haukusogea tena. Nikabadilisha oili, nikakata mpira na kuufunga upya, nikafungua hata kifuniko cha nyuma. Siku mbili zilikwenda hivyo, nayo pampu haikuwa na ugonjwa wowote. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Geji hizi hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo ilikuwa inasema kweli, mimi ndiye sikujua kuisoma.

Tangu hapo, pampu yoyote inayopita mikononi mwangu, iwe yangu au ya fundi mwenzangu, naipitisha kwenye majaribio haya kabla haijaona tone la resini. Yanachukua siku moja, na kesho yake ni kupima kipande cha mwisho tu. Resini ikishakutana na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, haikupi muda wa kutafuta penye tatizo, hasa kwenye joto letu: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa takriban nusu.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Tafuta mambo mawili. La kwanza ni lita kwa dakika. Mara nyingi utakuta namba mbili, moja ya umeme wa hezi 60 na nyingine ya hezi 50. Ya kwetu ni ile ya hezi 50, ambayo ni ndogo zaidi. La pili ni kiwango cha mwisho cha vakyumu, kwa kawaida huandikwa paskali 5 au karibu na hapo.

Namba hiyo ya pili isikuumize kichwa. Fundi friji anaihitaji kwa sababu anakausha maji ndani ya mabomba. Sisi tunataka hewa ya nje ikandamize mfuko, na kwenye mfuko tofauti kati ya paskali 5 na paskali 500 ni kama nusu ya asilimia moja ya nguvu yote. Kwetu kikubwa ni pampu iweze kukaa saa nyingi bila kuchoka na isiachie hewa kurudi.

Hatua ya 2: Oili

Mwaga ile iliyokuja ndani, kama imo, uweke mpya ya pampu za vakyumu. Usiweke oili ya injini ya gari, ina viungo vinavyotoa mvuke. Jaza mpaka katikati ya mistari miwili ya kioo, kisha iwashe dakika tano mdomo ukiwa umezibwa, uzime, utazame tena kioo. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa ina maji. Mafundi wa pwani wataliona hili mara nyingi kuliko sisi wa huku juu.

Hatua ya 3: Pampu na geji, basi

Funga geji moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, bila mpira mrefu, bila mtungi, bila mfuko. Midomo ya pampu hizi ina uzi wa mabomba ya friji, kwa hiyo nipo, kile kiungio cha kufungia geji, utaipata kwenye duka la vipuri vya friji na AC. Washa, subiri dakika mbili, andika namba.

Sasa linganisha na hewa ya mahali ulipo. Pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Mtwara, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, kwa hiyo geji ya megapaskali (moja ni kilopaskali 1,000) inaweza kukaribia -0.1. Mwanza ni kama kilopaskali 88, Arusha 86, Nairobi 83. Mtu wa Nairobi akiona -0.082 ana pampu nzima kabisa. Akiahidiwa na muuzaji kwamba itafika -0.1 mezani kwake, anaahidiwa kitu ambacho hewa ya Nairobi haina.

Geji zenyewe za bei ndogo huwa na kosa la asilimia 2.5, yaani kilopaskali mbili na nusu juu au chini. Ndiyo maana siishii hapa.

Hatua ya 4: Waulize maji

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu maji hayadanganywi na geji wala mwinuko. Maji ya nyuzi 30 huchemka mgandamizo wa hewa ukishuka hadi kilopaskali 4.2. Yakiwa na nyuzi 24, yanahitaji kilopaskali 3. Yakichemka bila moto mbele ya macho yako, basi umeshafika huko, uwe Kigamboni au Njombe.

Utahitaji chombo cha chuma chenye kuta nene na kifuniko cha akriliki. Mimi natumia sufuria nzito ya chuma cha pua yenye upana wa sentimita 25, akriliki ya milimita 20, na mpira wa silikoni katikati. Usitumie chupa ya jamu, bakuli la kioo wala sufuria nyepesi ya alumini. Kifuniko cha ukubwa huo kinabeba karibu nusu tani ya hewa kule pwani, na kioo kikipasuka vipande huruka. Vaa miwani ya kazi hata kama chombo unakiamini.

Weka vijiko viwili vya maji kwenye kikombe kidogo. Yawe yamechemshwa jikoni kisha yakapoa, ili hewa iliyoyeyuka ndani yake ipungue. Pima joto lake, funika, washa. Vipovu vidogo vya mwanzo ni hewa inayotoka, usivihesabu. Subiri maji yaanze kurukaruka kwa mapovu makubwa kama ya chai inayotokota. Yakifika hapo acha sekunde chache tu, funga koki, ingiza hewa polepole, kisha zima.

Pampu yangu ya -0.084 iliyachemsha maji ya nyuzi 24 ndani ya dakika mbili. Nilikaa nayatazama nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajapoteza siku mbili kwa ajili ya geji.

Mvuke wa jaribio hili unaingia kwenye oili. Kama pampu ina kile kivalvu kidogo cha kuruhusu hewa kidogo ipite, kifungue na uiache itembee nusu saa. Kama haina, badilisha oili.

Hatua ya 5: Kasi yake halisi

Chukua tangi la kompresa la lita 25, toa maji yaliyolala chini, hakikisha halijaliwa na kutu. Liunganishe na pampu, shika saa, pima muda wa kutoa asilimia 90 ya hewa. Kwa pwani hapo ni geji ikifika -0.091, Arusha -0.077, Nairobi -0.075.

Hesabu ni nyepesi: lita za tangi gawanya kwa lita za pampu kwa dakika, zidisha kwa 2.3. Tangi la 25 na pampu ya 50 ni dakika 1.15, yaani sekunde 69. Kwa kuwa tunapima sehemu ya hewa iliyopo, muda huo ni uleule pwani na milimani.

Yangu ilitumia sekunde 96. Nikatoa mpira mwembamba wa mita tatu, nikafunga mnene wa mita moja, ikawa 81. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu pampu, angalia inavutia kupitia nini.

Hatua ya 6: Chomoa plagi

Umeme utakatika. Kama si leo, utakatika siku ile mfuko umejaa resini. Ni heri ujue sasa pampu itafanya nini.

Ikiwa imevuta mpaka mwisho, na mpira wa kupenyeza mwanga ukiwa umeunganishwa na tangi, chomoa plagi bila kugusa koki yoyote. Tazama mpira. Pampu nyingi za bei hii hazina kizuizi cha kurudi nyuma, au zinacho kisichobana vizuri, na vakyumu iliyobaki kwenye tangi itainyonya oili kutoka kwenye pampu. Utaiona inapanda kwenye mpira taratibu. Oili hiyo ikifika kwenye kitambaa, kipande hicho ni cha kutupa, maana resini haishiki penye mafuta.

Niliona hivyo kwenye pampu yangu, sentimita 40 za oili kwa dakika moja. Dawa yake ni valvu ya njia moja karibu na pampu, halafu mtungi wa kunasa resini kati ya valvu na mfuko. Mtungi huo ni lazima hata bila habari ya umeme, kwani tone la resini likiingia kwenye pampu likagandia humo, pampu imekufa. Kwenye kuzima kwa kawaida, fuata mpangilio: funga koki ya mfuko, ingiza hewa upande wa pampu, ndipo uzime.

Hatua ya 7: Saa nne mfululizo

Mafundi friji huziwasha pampu hizi kwa nusu saa au saa moja. Sisi tunazitaka zikae mpaka resini igande, wakati mwingine usiku mzima. Iwashe kwa muda wa saa nne ikiwa imeunganishwa na tangi lililofungwa. Kila nusu saa weka kiganja kwenye mwili wake, sikiliza mlio, angalia oili. Kupata joto ni kawaida. Kiganja kikishindwa kukaa hata sekunde mbili, iweke mbele ya feni. Ikijizima yenyewe, kinga ya joto imekata, na hiyo si pampu ya kuachia kazi ya usiku.

Pampu inayovuta hewa nyingi bila kukoma huwa ya moto zaidi na hutema ukungu wa oili kwa nyuma. Mfuko unaovuja unaiumiza hivyo. Ukungu huo usiuvute. Funga mpira kwenye tundu la kutolea na uutoe nje ya dirisha. Kuhusu gharama, injini inayokula wati 250 kwa saa nane ni uniti mbili za LUKU.

Hatua ya 8: Mfuko mtupu

Kwenye kioo kinene cha meza au bati la alumini lililong'arishwa, zungushia ile tepe nyeusi inayonata kama ulimbo, funika kwa nailoni ya kazi hii, weka ndani kitambaa kikavu cha kupitishia hewa. Vuta. Funga koki ya upande wa pampu, geji ikiwa upande wa mfuko, na usubiri dakika 15.

Kwa kazi ya kuvuta resini kupitia kitambaa kikavu, mshale ukisogea kiasi cha kuonekana kwa jicho, sianzi. Kwa kazi ya kupaka kwa mkono kisha kukandamiza, ambapo pampu itakuwa inatembea muda wote, nakubali usogee kidogo. Ukisogea sana, tenga kwanza: ondoa mfuko, ziba mpira, rudia. Mara nyingi nimekuta uvujaji uko kwenye nipo au kwenye koki. Ukiwa kwenye mfuko, utausikia ukitumia mpira mwembamba kama wa daktari, ncha moja sikioni, nyingine ikitembea juu ya tepe. Mikunjo ya pembeni ndiyo inayopiga mluzi.

Hatua ya 9: Kipande cha majaribio

Kata mraba nane za sentimita 20 kutoka kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, uzigawe mafungu mawili ya nne nne. Kila fungu lina gramu 32. Paka yote mawili epoksi ileile, moja uliache wazi, lingine liende kwenye mfuko, pamoja na kitambaa cha kubandua, kinachotolewa resini ikishaganda, na cha kufyonza resini ya ziada.

Kesho yake pima. Langu la wazi lilikuwa na gramu 65, la vakyumu 53. Yaani faiba ilitoka karibu nusu ya uzito ikafika asilimia 60, na nililikata kwa msumeno nikakuta ndani hamna matundu.

Wanaotumia resini ya poliesta badala ya epoksi wawe waangalifu. Stairini, kiyeyushi kilichomo ndani yake, huanza kuchemka mgandamizo ukikaribia kilopaskali 1 kwenye joto la kawaida, na resini ikipata moto wake wa kuganda huchemka mapema zaidi. Pampu nzuri ikiachwa ivute mpaka mwisho itakutengenezea mapovu uliyokuwa unayakimbia. Fungua koki ya pembeni kidogo, ubakize kama kilopaskali 20 ndani ya mfuko. Mvuke wa stairini ni mbaya kwa mapafu na unawaka, kwa hiyo tundu la kutolea lisielekee jikoni wala karibu na fundi wa kuchomelea.

Baada ya hapo badilisha oili, halafu andika matokeo kwenye mwili wa pampu kwa kalamu isiyofutika. Kwenye yangu imeandikwa: Arusha, -0.084, sekunde 81. Kila baada ya kazi tano naipima tena kwenye tangi lilelile kwa mpira uleule. Ikifika 90 nabadilisha oili, na mpaka sasa kila mara imerudi kwenye 81 au 82.