Kurekebisha taa kubwa gari linapohamia barabara za upande mwingine

Gari likitoka nchi inayoendesha kushoto kwenda nchi inayoendesha kulia, kitu cha kwanza kumsumbua mwenye gari ni usukani. Usukani utauzoea ndani ya siku chache. Taa hazizoeleki, maana anayeumia ni yule anayekuja mbele yako, amefinya macho, hajui tena barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Mimi ni fundi umeme wa magari, na hii ndiyo kazi ninayoikuta imefanywa vibaya mara nyingi kuliko zote. Mteja analalamika kwamba taa zake zinaumiza watu, fundi anashika bisibisi, anashusha mwanga, imekwisha. Baada ya wiki mteja karudi: sasa haoni mbali, na wenzake bado wanampigia fulu, yaani taa za mwanga mrefu.

Kinachochanganya ni kwamba hapa kuna mambo mawili: umbo la mwanga na mwelekeo wake. Skrubu inagusa mwelekeo peke yake. Umbo limejengwa ndani ya taa, na ukilikosea hilo utazungusha skrubu mpaka uchoke.

Umbo likoje

Washa dimu, yaani taa za mwanga wa chini, mbele ya ukuta usiku. Juu kutakuwa na giza, chini mwanga, na katikati yao ukingo uliokatika wazi. Huo ukingo haukunyooka wote. Upande mmoja umelala, kisha ukifika katikati unapinda na kupanda, mara nyingi kwa nyuzi 15. Pale unapopinda mimi napaita kiwiko, na ile sehemu inayopanda naiita mkono. Mkono umewekwa makusudi umulike pembeni mwa barabara, kwa waenda kwa miguu na vibao, na sehemu iliyolala ipite chini ya macho ya wanaokuja. Nchi zinazoendesha kushoto, kama Uingereza, Japani, Australia, India, Kenya na Tanzania, mkono hupanda kushoto. Zinazoendesha kulia, kama Ufaransa, Ujerumani, Marekani, Rwanda na Burundi, unatakiwa uelekee kulia.

Sasa chukua gari la kushoto uliendeshe kulia. Tuseme taa iko sentimita 65 kutoka chini na mwanga umeshushwa asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita, sawasawa kabisa. Gari linalokuja liko mita 50 mbele na mita 4 pembeni. Kwa umbali huo ukingo umeshuka sentimita 50, lakini mkono umepanda sentimita 107. Jumlisha: mwanga unafika sentimita 122 kutoka ardhini. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Taa imepimwa vizuri, na bado inamchoma mtu machoni.

Hatua ya 1: Soma kioo cha taa

Kabla ya kufungua chochote, futa kioo na utafute maandishi madogo. Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa ina herufi E na namba ndani ya duara. Namba ni ya nchi iliyotoa idhini tu, 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Karibu yake utaona herufi kama HCR: H ni halojeni (balbu ya kawaida yenye waya ndani), C ni dimu, R ni fulu. Ukikuta D mahali pa H, ni xenoni, balbu ya gesi isiyo na waya ndani.

Unachokitafuta hasa ni mshale. Simama mbele ya gari ukiitazama taa. Mshale ukielekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya barabara za kushoto. Mshale wenye vichwa viwili maana yake taa inaweza kutumika pande zote mbili, na mahali fulani ndani yake kuna namna ya kuibadili. Taa yenye E isiyo na mshale wowote ni ya barabara za kulia. Watu wengi huusoma mshale huu kinyume kwa kuwa wanajiweka kwenye kiti cha dereva. Usomwe ukiwa nje, uso kwa uso na taa.

Taa za Marekani huandikwa DOT au SAE, alama za viwango vya huko, na nyingi zina VOL au VOR, yaani zinapimwa kwa kutazama sehemu ya kushoto au ya kulia ya ukingo. Zote ni za barabara za kulia. Kama huoni alama yoyote, usikisie. Ukuta utakwambia.

Hatua ya 2: Litayarishe gari

Tafuta sehemu iliyosawazika kweli, yenye ukuta ulionyooka, na nafasi ya mita 10. Jaza upepo wa matairi kama ilivyoandikwa kwenye mlango, toa mizigo, weka mtu kwenye kiti cha dereva. Kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha taa kwenye dashibodi kiweke 0. Likandamize gari mbele na nyuma mara mbili tatu, springi zitulie. Kama springi imekatika au gari limelalia upande mmoja, shughulikia hilo kwanza.

Safisha vioo. Kioo cha plastiki kilichopauka hutawanya mwanga mpaka ukingo unapotea, na huwezi kupima kitu usichokiona.

Hatua ya 3: Chora ukutani

Sogeza gari karibu kabisa na ukuta. Kwa mkanda wa kunata weka alama ya msalaba mbele ya kitovu cha kila taa ya dimu, na mstari wima katikati ya gari. Kisha rudi nyuma mita 10, ukiwa umenyooka. Ule mstari wa katikati uuone umepita katikati ya kioo cha mbele.

Sasa tafuta kibandiko au kibati karibu na taa au chini ya boneti chenye mchoro wa taa na asilimia. Mara nyingi ni 1.0% au 1.2%. Asilimia 1 kwa mita 10 ni sentimita 10, kwa hiyo bandika mstari wa kulala sentimita 10 chini ya zile alama za msalaba, kwa 1.2% ni sentimita 12. Kama nafasi yako ni mita 5 tu, gawanya kwa mbili, ila kosa dogo la mkono hapo litakuwa kubwa barabarani. Taa za DOT zina vipimo vyake, fuata kitabu cha gari.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kugusa

Washa dimu, funika taa moja kwa kitambaa kinene, tazama nyingine. Usiache kitambaa muda mrefu, halojeni hupata joto sana. Uliza swali moja tu: mkono unapanda upande gani?

Siku moja nililetewa gari ambalo mafundi wawili walikuwa wameshalishusha taa. Nilipoziwasha zote pamoja ukutani nikaona herufi V. Taa ya kushoto mkono wake ulipanda kushoto, ya kulia ulipanda kulia. Gari lilikuwa limegongwa, mwenyewe akanunua taa moja iliyotumika, ikaingia vizuri kwenye matundu yake, ikawaka, akaridhika. Ilikuwa ya barabara za upande mwingine. Ndiyo maana kila taa naitazama peke yake, hata zinapofanana kama mapacha.

Ukiona mwanga umetawanyika bila kiwiko wala ukingo, fungua uangalie balbu. Balbu ya aina ya H4, kwa mfano, ina kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu, na ubavu mmoja wa kikombe hicho umekatwa kwa mshazari. Ndio unaochora mkono ukutani. Balbu iliyoingia vibaya, hata kwa kipande kimoja cha mguu kutokaa kwenye tundu lake, huharibu picha yote. Vilevile balbu ya LED iliyochomekwa kwenye taa ya halojeni: chanzo cha mwanga hakikai pale ulipokuwa waya, kwa hiyo kioo cha ndani hakijui kiupeleke wapi. Rudisha halojeni halafu endelea. Na usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

Hatua ya 5: Badilisha umbo

Kama mkono uko upande unaotakiwa, ruka hatua hii. Kama sivyo, njia inategemea taa na muda utakaokaa huko.

Taa nyingi za projekta, zile zenye lenzi ya mviringo kama jicho, zina kijiti kidogo nyuma. Zima taa, subiri ipoe, fungua kifuniko cha nyuma, utakiona pembeni mwa balbu kikiwa na nafasi mbili. Kisukume, funika, rudi ukutani. Kwenye xenoni usiingize mkono kabla ya kuzima kila kitu na kutoa waya wa betri. Inapowaka hupata zaidi ya volti 20,000. Magari mapya zaidi hubadilishwa kwenye menyu ya skrini au kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mengi kati ya hayo hayahamishi mkono, yanauondoa tu na kukuachia ukingo uliolala. Kwa safari fupi hilo linatosha. Soma kitabu cha gari kwanza, dakika kumi za kusoma zimeniokolea saa nyingi za kufungua bampa.

Pasipo kijiti wala menyu, kwa safari fupi tumia stika za kukata mwanga. Ukizibandika kwa kukisia ni sawa na bure. Fuata mchoro wa gari lako, au fanya hivi: dimu ikiwa inawaka ukutani, mwenzako asogeze kipande cha kadibodi taratibu juu ya kioo mpaka mkono upotee na ile sehemu iliyolala ibaki. Weka alama hapo kwa kalamu ya kufutika, zima, acha ipoe, bandika. Ukirudi nyumbani zitoe, kwa sababu kwa barabara zako mwenyewe zinakunyima mwanga wa pembeni.

Kwa gari linalohamia moja kwa moja, nunua taa mbili zilizotengenezwa kwa barabara za upande huo. Mara nyingi hukaa kwenye matundu yaleyale, lakini linganisha soketi, idadi ya nyaya, na kama ndani kuna mota ya kupandisha na kushusha. Taa nyingi za Marekani hazina. Kuna wanaopasha taa joto, wakaifungua na kugeuza bati la projekta, lile linalokata mwanga na kuchora ukingo. Inawezekana, ila isipofungwa vizuri itaingiza unyevu, na mimi siipendekezi kwa asiye na uzoefu. Stika kwa gari la kudumu nazikataa kabisa. Nchi nyingi huangalia jambo hili; Uingereza, kwa mfano, taa ambayo mkono wake unapanda kulia hufeli ukaguzi.

Uswidi ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilipaswa kufanya kazi hii kwa mara moja. Kilichowasaidia ni kwamba magari mengi yalitumia taa za duara za kipimo kimoja, rahisi kubadilisha. Leo kila gari lina taa yake.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo skrubu

Kila taa huwa na mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Taa nyingi za Marekani hazina hiyo ya pili. Kabla ya kuzungusha, weka kitone cha rangi kwenye kichwa cha skrubu na uhesabu mizunguko, ili uweze kurudi ulikotoka. Anza na juu na chini: ile sehemu iliyolala ikalie mstari wako. Halafu kulia na kushoto: kiwiko kiwe chini ya alama ya msalaba ya taa hiyo. Gusa moja, angalia nyingine, maana zinavutana. Malizia kwa kuipandisha kidogo badala ya kuishusha, skrubu ikae imekaza.

Usishushe kupita kipimo kwa kuwaonea huruma wengine. Taa ya sentimita 65 kwa asilimia 1 hugusa barabara mita 65 mbele. Kwa asilimia 2 ni mita 32 na nusu. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo unazimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Gari likiwa na mfumo wa kujisawazisha, chunguza vitambuzi kwenye mikono ya magurudumu. Kijiti chake kikivunjika, taa itatazama chini au angani hata skrubu iwe sawa kiasi gani.

Hatua ya 7: Nyuma nako

Taa nyekundu ya ukungu, kama ni moja, inapaswa kukaa katikati au upande wa katikati ya barabara. Kwa barabara za kushoto ni kulia mwa gari, kwa barabara za kulia ni kushoto. Magari mengi yana nafasi ya balbu pande zote mbili, hivyo ni kuhamisha balbu na waya. Na gari la Marekani lenye indiketa nyekundu nyuma litahitaji za rangi ya chungwa mahali kanuni za Umoja wa Mataifa zinapotumika.

Hatua ya 8: Jaribu usiku, gari likiwa tupu kisha likiwa na mzigo

Toka kwenye barabara tulivu. Pembeni, upande unaoendeshea, uone vibao na nyasi zikijitokeza mapema kuliko upande wa pili. Kisha pakia watu nyuma, rudi ukutani, na zungusha kile kigurudumu cha dashibodi mpaka ukingo urudi kwenye mstari wako. Namba utakayoiona hapo, 1 au 2 au 3, iandike kwenye karatasi ndogo uibandike karibu na usukani.