Mdudu wa kifaranga: uliza kwanza amekula nini

Mtazame mama kuku anayetoka na vifaranga wa wiki moja. Akifukua mdudu mnono hakimbilii kummeza. Humdonoa, humkatakata, humwangusha chini na kuita kwa ile sauti fupifupi, nao wadogo wanakuja mbio. Ukilea vifaranga kwenye bruda, yaani chumba chenye joto kisicho na mama kuku, kazi hiyo ya mama inakuwa yako: kumchagua mdudu, kisha kumlinganisha na mdomo wa anayekula.

Wafugaji wengi wakitaka kuwapa vifaranga wadudu huniuliza protini. Ni swali zuri, kwa sababu kifaranga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, na dagaa na soya havishikiki bei. Lakini wadudu wengi wana protini ya kutosha. Kinachoua vifaranga ni kile mdudu alichokula kabla hajafika kwenye sahani.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Jogoo alikufa nyuma ya banda langu, hakuna aliyemwona, majani yakamfunika. Siku chache baadaye vifaranga walifukua pale na kushiba funza weupe. Asubuhi niliwakuta wamelala, shingo zimenyooka sakafuni kama kamba, macho yanaona lakini kichwa hakiinuki. Walikufa 14. Bakteria wa Clostridium botulinum huota ndani ya mzoga na kutoa sumu. Funza huila bila kudhurika, na ndege anayemla funza hupooza. Tangu siku hiyo mzoga wowote kwangu unachomwa au unafukiwa shimo refu siku hiyo hiyo, hata wa panya.

Funza wa nzi wa nyumbani, hata wale waliokuzwa kwenye samadi badala ya mzoga, mimi siwapendi kwa vifaranga. Nzi huyu hubeba tegu wa kuku, mnyoo bapa wa utumboni, na ukimfuga unaongeza nzi jikoni kwako na kwa jirani. Sisimizi na mbawakawa wa kwenye samadi nao hupitisha tegu. Nyungunyungu na konokono hubeba mnyoo wa koo, yule anayemfanya kifaranga anyooshe shingo na kupanua mdomo akitafuta hewa. Kuku mkubwa anaweza kuvumilia minyoo kadhaa. Kifaranga wa gramu 60 hawezi.

Mchwa ndiye mdudu ambaye bibi zetu walimtumia, na bado ni mzuri sana. Jaza chungu kikuukuu kwa mabua ya mahindi yaliyopondwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nyunyizia maji, ukifunike juu ya njia ya mchwa jioni. Alfajiri utakuta wamejaa. Wakung'ute kwenye sinia kabla jua halijawa kali, kwani joto likipanda hurudi ardhini. Mchwa wafanyakazi ni laini na wadogo, wanamfaa kifaranga. Askari wenye vichwa vikubwa vyekundu na meno ya kuuma wape kuku wakubwa. Usikibomoe kichuguu kumtafuta malkia. Ukimtoa umejinyima chakula cha miaka. Na usitege kamwe karibu na nyumba au nguzo iliyopigwa dawa ya mchwa, kwa sababu dawa nyingine hukaa udongoni miaka.

Kumbikumbi ni karamu ya siku mbili tatu za mvua. Wana mafuta mengi, huoza haraka. Wape kidogo, wabichi, siku ile ile.

Kwa anayetaka chakula cha uhakika mwaka mzima, chaguo langu ni funza lishe, yaani funza wa nzi askari mweusi. Nzi mzima anaishi siku chache tu, hatui kwenye chakula chetu wala kwenye vidonda, maana kazi yake ni kujamiiana na kutaga. Funza wake akikaushwa hubeba protini ya karibu asilimia 40. Kenya iliweka kiwango cha taifa cha wadudu wakavu kwa vyakula vya mifugo mwaka 2017, na Umoja wa Ulaya ukaruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021.

Lakini hata hapa rudi kwenye swali letu: amekula nini? Mpe maganda ya matunda, mboga za sokoni zilizosinyaa, machicha ya pombe, pumba. Taka za sokoni zichambue kwa mkono, kwa sababu betri iliyopasuka humo ndani huacha madini mazito, na funza huyu hukusanya kadimiamu mwilini mwake. Mboga zilizotoka kupigwa viuatilifu usizitumie. Zitawaua funza, au mbaya zaidi hazitawaua.

Umri wa funza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Aliyefikisha wiki tatu amekuwa mweusi, ngozi ngumu, urefu wa kama sentimita mbili. Huyo ni wa kuku wakubwa. Kifaranga anataka funza wa siku tano au sita, mweupe, laini. Kipimo changu ni punje ya mchele kwa wiki ya pili, na mdudu asizidi urefu wa mdomo wa kifaranga hadi afikishe wiki nne. Akiwa mrefu zaidi mkate kwa kisu. Mdudu mrefu huzua mbio bandani: mmoja amemshika, kumi wanamfukuza, na anayemmeza kwa pupa anaweza kukabwa.

Wiki ya kwanza usiwape wadudu kabisa. Kifaranga hutoka na kiini cha yai tumboni kinachomlisha siku mbili tatu, kisha anahitaji maji safi, chakula cha vifaranga na joto. Ukianza siku ya nane, weka na changarawe laini kama chumvi ya mawe iliyopondwa, maana firigisi haina meno. Wadudu wasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Funza lishe ana mafuta na kalsiamu nyingi. Mafuta yakizidi kinyesi huwa maji, na kalsiamu ya kiwango cha kuku wa mayai huumiza figo za kifaranga. Wachovye funza dakika tatu kwenye maji yanayochemka ili kupunguza vijidudu vya ngozini, wapoe, ndipo uwape vifaranga. Ukiwakausha kwa kuhifadhi, wakauke kabisa hadi wavunjike kwa vidole. Unyevu ukibaki huleta ukungu na sumukuvu.

Viwavijeshi vamizi vilipoingia Tanzania mwaka 2017, akina mama wengi waliviokota kwenye mahindi na kuwamwagia kuku. Ni matumizi mazuri ya adui, kwa sharti kwamba shamba hilo halijapigwa dawa, na la jirani pia. Kiwavi anayetembea kwa kuyumba, panzi asiyeruka ukimgusa, nzige aliyelala chini mchana: hao huenda wamekwisha kula sumu. Viwavi wenye manyoya waache, na mbawakawa wenye rangi kali za kung'aa pia, kwani baadhi yao wana sumu mwilini inayobabua ngozi ya mtu, sembuse utumbo wa kifaranga.

Jambo la mwisho ni hesabu ya siku, kwa wanaofuga funza lishe. Mama kuku akifikisha siku 18 za kuatamia, weka vibao vyenye matundu juu ya ndoo ya mabaki yanayonukia ili nzi watage. Mayai yao huanguliwa baada ya siku nne hivi. Vifaranga wakitimiza wiki moja, funza watakuwa na siku tano au sita, saizi ya punje ya mchele. Wanaobaki waache waendelee kukua kwenye ndoo. Wiki mbili baadaye watakuwa wamenenepa kwa ajili ya mama kuku.